Mlezi wa Watoto wa Pareto

Wanawake waliochuma pareto katika shamba moja karibu na Gilgil, mwaka wa 1957, walimwachia mlezi mmoja watoto wao. Mlezi huyo alimtandikia mtoto mgonjwa mkeka wake peke yake karibu na dirisha, na kikombe chake hakikuguswa na mwingine. Alipima homa kwa mgongo wa mkono, akinong'ona taratibu, na hata mtoto mkaidi alimeza dawa chungu kwake. Namalwa, mmoja wa wachumaji hao, alimwonea wivu kwa hayo yote, maana nyumbani mwanawe Nyongesa alitema kila kijiko.

Siku Nyongesa aliposhikwa na surua, Namalwa alitoka shambani mchana akamkuta amelala kifuani mwa mlezi. Akampokonya. Mtoto akaangua kilio, akamnyooshea mlezi mikono.

“Si umchukue basi!” Namalwa akafoka. “Wewe ndiye mama yake!”

Mlezi akaficha mikono nyuma ya mgongo. “Simchukui, Mama Nyongesa. Ni wako. Ngoja tu, atanyamaza.”

Mtoto alilia hadi akachoka, akalala begani mwa mamake. Namalwa akainua uso kwa ushindi. Mlezi alikuwa bado ameibana mikono yake nyuma, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.