Jumba Lisilo na Majirani

Nilianza kugombana na vitabu vile kabla sijajua vinatumiwa vipi. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi mjini Machakos, na kazi yangu kubwa ni barua za watafuta kazi, mitihani ya shule na programu za mazishi. Siku moja aliingia mfamasia wa duka la dawa lililo mtaa wa pili, kijana wa miaka thelathini na kitu, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walitoka pwani wakaja kufanya biashara huku. Akanipa flashi. Ndani kulikuwa na faili ya kurasa sitini. Mashine ikitoa karatasi mimi husoma. Ni tabia mbaya, najua, na sina mpango wa kuiacha.

Kilikuwa kisa cha kutisha. Wageni wanne wanafika kwenye jumba kuukuu msituni, mtu analia juu darini, mtumishi anakutwa kisimani amekufa, na bado wageni wanakaa kula chakula cha jioni. Nilipofika ukurasa wa kumi na nane nilikuwa nimepandwa na hasira.

"Hawa watu wana miguu?" nikamwuliza.

"Wanayo, dada."

"Na gari walilokuja nalo?"

"Lipo nje."

"Basi mbona hawaondoki?"

Alicheka mpaka akaegemea kaunta. Akaniambia kwamba hilo ndilo swali ambalo wachezaji wake humwuliza kila mara, na kwamba mwandishi hakuweka jibu. Ndipo akanieleza mchezo wenyewe. Watu wanakaa mezani. Mmoja, msimulizi, ndiye mwenye kitabu, na anawaambia wenzake wanaona nini na wanasikia nini. Wengine wanasema watafanya nini, kila mmoja akiwa ndani ya mtu wake wa kubuni, na penye mashaka wanarusha dadu. Hakuna anayemshinda mwenzake. Wanamaliza kisa pamoja, au kisa kinawamaliza.

Alikuwa akitafuta mahali pa kuchezea, kwa sababu nyumbani kwao watu walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na maoni. Nikampa chumba cha nyuma ya duka, Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Akaja na wengine wawili: fundi wa pikipiki, na mwalimu wa kike wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kalama kama mimi. Wiki ya kwanza niliwapelekea chai. Wiki ya pili nilivuta kiti.

Lazima niseme kwa nini. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kila Jumamosi nilikuwa nikienda Kalama kumpikia na kugombana naye, na baada ya mazishi ndugu zangu walirudi makazini, na Jumamosi ikanibakia mikononi. Sikuolewa, sina mtoto, na nyumba yangu ya kupanga ilikuwa mahali pa kulala tu. Kwa hiyo mchezo haukuwa kitu kwangu mwanzoni. Nilichopenda ni kwamba ikifika saa nane kuna watu watatu ambao wangeshangaa nisipokuwepo. Niliogopa sana siku hiyo isije ikaisha.

Kazi yangu mezani ikawa kutafuta matundu kwenye visa. Mfamasia alileta visa, mimi nikavichapa, na kabla ya Jumamosi nilikuwa na karatasi ya malalamiko. Nikajifunza kwamba vina magonjwa yanayofanana. Kuna kisa ambacho kila kitu kinategemea barua moja iliyofichwa kwenye droo, na wachezaji wasipofungua droo hiyo wanazunguka nyumba nzima kama kuku waliofungiwa nje. Kuna kisa ambacho mwisho wake unafanywa na mtu mwingine kabisa, padre au mganga anayetokea ukurasa wa mwisho, na ninyi mliohangaika tangu mchana mnabaki watazamaji. Kuna vile vyenye kurasa tisa za historia ya mzimu, aliyemwua ni nani, alizikwa wapi, alimpenda nani, na hakuna njia hata moja ya wachezaji kuijua. Anaijua msimulizi peke yake. Hilo lilinikera kuliko yote, na nilipiga kelele juu yake zaidi ya ilivyostahili. Nilimwonea huruma mzimu.

Jumamosi nzuri kuliko zote ilitoka kwenye tundu. Kisa kilikuwa cha nyumba ya mjane ambamo kuta zinashika watu. Fundi alikuwa ameshikwa mkono na ukuta wa jikoni, amerusha dadu mara mbili na kushindwa.

"Mimi napiga nduru," akasema.

"Sawa, umepiga nduru," mfamasia akamjibu. "Kisha?"

"Kisha watu wanakuja. Hiyo ramani yako si iko na nyumba sita hapo barabarani?"

Mfamasia akafunua kurasa mbele na nyuma. "Mwandishi hajasema chochote kuhusu majirani. Amesema mnaweza kupiga simu polisi wa mjini."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," mwalimu akasema. "Hao polisi watafika tukiwa tumezikwa. Mwandishi hajasema kwa sababu hajui. Kwetu mtu akipiga nduru unatoka, hata kama uko kwa bafu. Usipotoka, kesho unaulizwa ulikuwa wapi."

Akatusimulia jinsi shangazi yake alivyoona nyoka kwenye banda la kuku akapiga nduru, wakaja watu kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa amevaa suruali ya mke wake. Mfamasia akasalimu amri. Akarusha dadu kuona ni majirani wangapi wamefika, wakawa ishirini na sita, wana mapanga, majembe na tochi. Wakamtoa fundi ukutani. Halafu wakakaa kikao uani na mzimu wa nyumba ile, wakauuliza ni wa ukoo gani na una dai gani na mjane. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Tulipofunga duka tulisimama nje nusu saa nzima, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kwenda.

Tulikaa hivyo mwaka na miezi. Kisha mfamasia akapata kazi Masinga, kazi nzuri ambayo mtu mwenye akili haikatai. Siku ya mwisho aliniachia mfuko wa dadu na bunda la visa vyote nilivyomchapia.

"Utasimulia wewe, dada," akasema. "Wewe ndiye unayejua vimebomoka wapi."

Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyeombwa kushika mzigo kidogo. Alipokata kona nilifunga duka na kulia. Nilijua kwamba Jumamosi sasa ziko juu yangu, na nikizivuruga sina nyingine.

Nikaomba wiki tatu za kujiandaa. Nilichagua kisa cha nyumba ya mjane, kile kile, kwa kuwa wote walikipenda, nikaanza kukiziba matundu, maana nacho kilikuwa na magonjwa yale yale. Nilifanya kazi nyumbani, kila nikitoka dukani na Jumapili mchana kutwa, mlango umefungwa na simu nimeiweka kwenye kabati. Barua ya kwenye droo niliigawa vipande vitatu ili isikosekane. Padre wa mwisho nilimfuta. Gari nililiharibu, ukuta wa nje niliuinua na kuuwekea nyaya za umeme. Kazi iliyobaki ilikuwa majirani.

Hapo nilikaa muda mrefu. Nyumba sita ziko kwenye ramani, na wachezaji wangu wangepiga nduru, hilo nililijua. Mwishowe niliandika kutoka kwenye maisha yangu. Mimi naishi kwenye ghorofa ya tatu ya jumba la kupanga, na kwa miaka sita nilikuwa sijui jina la mtu hata mmoja pale. Nikageuza ile barabara ikawa jumba kama letu. Nikaandika kwamba majirani wapo, wana afya, wanasikia vizuri. Ila kila mmoja ameingia kwake amefunga, na akisikia mtu analia anasubiri mwingine atoke. Nilisoma ukurasa ule mara nne. Nilijiona nimefanya jambo lililowashinda waandishi wote wale.

Jumamosi ilipofika nilikuwa nimechemsha chai ya kutosha watu kumi. Tukaanza. Kila walichojaribu nilikuwa na jibu lake. Walikwenda kwenye gari, halikuwaka. Walipanda ukuta, wakapigwa na umeme. Fundi akaniangalia, akatabasamu, akaweka kikombe chini.

"Napiga nduru."

"Hakuna anayekuja."

"Auntie, hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Kwani wamekufa?"

Nikawasomea ukurasa wangu. Nilipomaliza, mwalimu alikuwa akichezea kifuniko cha chupa ya chai.

"Mimi siamini hiyo," fundi akasema. "Hiyo ndiyo uongo kubwa kuliko ile ya ukuta kushika mtu. Mtu mmoja lazima angetoka. Hata wa umbea."

Nilipaswa kucheka. Badala yake nikawaka. Nikamwambia yeye anajua nini kuhusu majumba ya kupanga, yeye anaishi na mke na watoto na mama mkwe. Mimi nimekaa huko miaka sita na najua mtu anavyoweza kuoza ndani ya nyumba na watu wakipita ngazini. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Fundi akasema, "Pole, auntie." Wakaendelea kucheza kwa adabu, kama wageni, na kufikia saa kumi na moja wote walikuwa wamekufa ndani ya nyumba ya mjane. Kisa changu hakikuwa na tundu hata moja. Wakanishukuru, wakaondoka mapema.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Ile ya pili fundi alipata wateja. Hakuna aliyesema ameacha. Watu wazima hawaachi kitu, wanakuwa na shughuli tu. Mwezi mzima niliweka vikombe vitatu mezani, na jioni nikavirudisha vikiwa safi. Nilimpigia mfamasia Masinga, akaniuliza Jumamosi zinaendeleaje, nikamwambia vizuri sana. Upweke wangu nilimficha hata yeye.

Nilijiambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa na ukweli na wao hawakuupenda. Hiyo ilikuwa faraja yangu, na nilikuwa nayo Jumapili moja baada ya misa, nikimenya viazi, mwanamke alipopiga nduru kwenye ghorofa ya juu yangu.

Ilikuwa mara moja, ndefu, kisha kishindo. Niliweka kisu chini nikaenda mpaka mlangoni. Nikashika komeo. Nilisimama pale nikifikiri kwamba pengine ni mtu na mumewe, pengine ni televisheni, pengine aliye karibu zaidi ameshatoka. Nilikuwa nawaza ukurasa wangu neno kwa neno, na nilipolitambua hilo nilishikwa na aibu, lakini hata aibu haikufungua mlango mara hiyo. Sijui zilipita dakika ngapi. Viazi nilivyokuwa nimemenya vilikuwa vimeanza kubadilika rangi nilipopanda ngazi.

Mlango wa juu ulikuwa wazi. Mama mmoja wa umri wangu alikuwa amekaa sakafuni, ameunguzwa mguu na mafuta ya kupikia. Na chumba kilikuwa kimejaa. Mzee wa kanzu wa nyumba ya mkabala alikuwa akimmiminia maji baridi. Mama wa kibanda cha mboga chini ya jumba alikuwa amemshika mabega. Mwanamume mwingine alikuwa kwenye simu akitafuta gari, na msichana wa ghorofa ya kwanza, bado na povu la sabuni mikononi, alikuwa akikusanya nguo za kwenda nazo hospitali bila kuuliza ziko wapi. Walikuwa wakiitana kwa majina. Mmoja alimwambia mwenzake amwite yule wa namba kumi, hajaonekana, na mwenzake akamjibu kwamba ameenda Kinanie kazini.

Nikauliza kama kuna cha kusaidia. Mama wa mboga akainua kichwa.

"Umetoka wapi, mama?"

"Hapo chini tu. Namba saba."

"Namba saba?" Akamtazama mzee wa kanzu, naye akanitazama mimi. "Si hiyo haina mtu?"

"Ina mtu," nikasema. "Mimi."

"Pole, mama, sisi hatukujua," mzee akasema kwa upole. "Tulidhani haijapata mpangaji. Hata mwezi uliopita nilimpeleka shemeji yangu hapo, anatafuta nyumba. Tulibisha sana. Jumapili, saa kama hizi."

Nilikumbuka kule kubisha. Nilikuwa mezani na kalamu, nikiandika kwamba katika jumba lile hakuna jirani anayekuja, na nilikaa kimya, nimezuia pumzi, mpaka nikasikia viatu vyao vikishuka ngazi.