Gogo la Kuegemeza Ukuta wa Nyuma

Aliyepita barabarani kwetu, Magomeni pale Kilosa, aliona nyumba ya mtu mwenye uwezo. Ukuta wa mbele ulikuwa wa matofali ya kuchoma, umepigwa lipu na kupakwa rangi ya bluu hadi kiunoni, nyeupe kwenda juu. Aliyepita nyuma, kwenye njia ya kisimani, aliona nyumba nyingine kabisa: miti na udongo, na gogo nene limeegemezwa ukutani tangu mafuriko ili pembe ya jikoni isituage.

Zote mbili zilikuwa nyumba yetu. Baba alikuwa fundi wa reli. Alipopunguzwa kazi, miaka ile ambayo watu walikuwa ama wanapunguzwa ama wanafungua duka, alinunua saruji kwa kiinua mgongo chake, akaanza na sebule. Saruji ikaishia hapo hapo. Mama alikuwa akisema mumewe amejenga uso, mwili ameuacha kwa Mungu.

Lakini sebule ile ilikuwa sebule. Ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa alivyofuma mama, redio, na saa ya ukutani ambayo baba aliitia ufunguo kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Jioni walikuja wenzake waliopunguzwa naye. Treni ikipiga honi stesheni, wote walinyamaza, baba akaitazama saa, kisha akatoa hukumu: "Imechelewa." Nadhani hapo ndipo kazi yake ilipoendelea.

Mthamini wa majengo wa halmashauri alipokuja kukadiria kodi ya jengo, alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyotuponza. Alimpa baba shikamoo, akavua viatu mlangoni, akakaa alipoelekezwa. Mama akamletea chai na vitumbua. Kwetu mgeni wa heshima hapelekwi uani, na kijana aliyelelewa vizuri haombi kuona mahali mama wa watu anapopikia. Kwa hiyo alithamini nyumba akiwa kitini.

"Mzee, nyumba ni ya saruji?" aliuliza, kalamu mkononi.

Baba aliuangalia ukuta wake uliopigwa lipu. "Si unaona mwenyewe, mwanangu?"

Makadirio ya kodi yalipofika nilikuwa nyumbani likizo, nikawasomea. Nyumba nzima, vyumba vyote, ilikuwa imehesabiwa kuwa ya saruji.

"Baba Watoto," mama alisema, "hii ni kodi ya nyumba ya nani?"

Mama akaendelea, safari hii bila utani. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mitumba aliyekuwa akitaka kuipanga ile sebule aifanye duka. Sebule za mtaa wetu zilikuwa zikigeuka maduka moja baada ya nyingine, hapa sabuni, pale kanda za muziki. Kodi ile hatukuiweza. Ama baba akate rufaa, ama viti vitoke, marobota yaingie.

Baba aliitazama saa yake muda mrefu, kana kwamba kuna treni.

"Nitakata rufaa," alisema.

Wakaja wawili: yule kijana, na mwenyekiti wa kamati ya rufaa, mwanamke mtu mzima aliyetembea polepole na kuangalia kila kitu. Baba alikuwa amekwisha kupangusa viti. Ndipo mama, ambaye sikuwahi kumwona akimwacha mgeni amesimama, akawazuia barazani.

"Leo chai baadaye. Piteni huku nyuma."

Baba aliona haya hata akabeba viti viwili na kuwafuata navyo uani. Hakuna aliyekaa.

Mwenyekiti alipapasa ukuta wa jikoni. Udongo ukamdondokea viatuni.

"Mzee, ukuta huu umechoka."

"Umechoka wapi?" baba akaruka. "Mto Mkondoa ulifika hapa, magotini, na ukuta ukasimama. Udongo wake nimeukanyaga kwa miguu yangu."

"Kumbe ni imara?"

"Sana!"

Mama akakohoa. Baba hakusikia.

"Na hili gogo?"

"Hilo ni la kuanikia nguo."

"Nguo za nani?" mama alishindwa kuvumilia. "Tangu mafuriko sijaanika hapo hata leso! Mama mwenyekiti, liondoe uone kama jiko halitakuja kukusalimia!"

Kijana akageuka upande wa choo, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokizuia. Mwenyekiti hakucheka. Alimtazama baba kwa upole.

"Mzee wangu, umekata rufaa tukupandishie au tukushushie?"

Baba alikuwa bado amekishika kiti kimoja mkononi. Alikiweka chini. Alitazama gogo, akamtazama mama.

"Mvua ikinyesha," alisema taratibu, "tunahamisha kitanda."

Sikuwahi kumsikia akiisema nyumba yake vibaya mbele ya watu. Mama naye, aliyekuwa akiisema kila siku, akainamisha kichwa.

"Nisamehe mzee," kijana alisema. "Mimi niliishia sebuleni."

"Uliishia pazuri," baba akamjibu. "Wageni wangu wote huishia hapo."

Ndipo mama akawapeleka sebuleni na kuwapa chai, vitumbua mara mbili ya kawaida. Uamuzi ulipotoka, chumba cha mbele kilibaki saruji, vingine vyote vikaandikwa udongo, na kodi ikawa ya kulipika. Mfanyabiashara wa mitumba akaambiwa atafute kwingine. Jioni ile treni ilipiga honi, saa ikatazamwa, hukumu ikatolewa.

Baadaye nilipata kazi Mikumi, kwenye nyumba ya wageni waliokuja kuona wanyama, nikawa natuma saruji kidogo kidogo. Likizo moja nilikuta pembe ya jikoni imejengwa upya kwa tofali. Gogo halikuwepo ukutani. Lilikuwa limechimbiwa katikati ya uani, kamba imefungwa kutoka hapo hadi kwenye mpapai, na kanga za mama zinapepea.

Baba alinipokea mzigo, akaniongoza nyuma, mimi mgeni wake wa kwanza kupitishwa huko kwa hiari.

"Si niliwaambia ni la kuanikia nguo?" alisema.