Filta ya tangi la samaki iliyonitoa jasho ukweni Mutsamudu, enzi za mamluki

Wakuu, habari za mihangaiko.

Kuna mwenzetu kaanzisha uzi, analia kuwa filta yake ya kanista inanguruma mpaka mke katishia kurudi kwao. Nimecheka peke yangu. Mimi filta ya aina hiyo nusura ininyime mke kabisa.

Haya ni ya kweli, sijatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wengine wapo na mikono yao bado ina nguvu.

Mimi ni Mngazija wa Unguja. Miaka ya themanini nilikwenda Moroni kwa shangazi yangu, nikawa natengeneza mafriji, pasi na redio jirani na bandari ya zamani. Ni enzi zile za mamluki, wazungu wa kukodiwa walioingia sabini na nane na bunduki zao. Serikali ilikuwepo, lakini gari lao likipita, watu mnahamia kwenye habari za bei ya mchele.

Huko nikampenda Sitti. Kwao Mutsamudu, kisiwa cha Unzuani, mtaa wa Hombo, ila alikuwa Ikoni, jirani na Moroni, kwa ndugu zake akijifunza kushona. Shangazi akapeleka posa. Jibu likaja: kijana aje mwenyewe, na aje na vyombo vyake vya kazi.

Vyombo vya kazi! Nikajua hapa kuna friji bovu linanisubiri.

Nilipofika, halikuwa friji. Baba yake, Ba Sitti, mfanyabiashara wa vitambaa, alinunua tangi la samaki kwa mmoja wa wale wazungu aliyekuwa anaondoka. Chini yake kuna filta ya kanista. Kwa wasioijua: ni kama ndoo yenye mfuniko, ina masponji ndani na pampu juu. Mpira mmoja unavuta maji machafu, mwingine unarudisha safi.

Sasa ile ilikuwa haisafishi, ilikuwa inasaga kokoto. Sebule nzima grrrrr. Ukitoa salamu unajibiwa na filta.

Ma Sitti, mama mwenye nyumba, akanikaribisha kwa adabu zote, akakaa, akaanza kunieleza. Mimi Kingazija nilishaanza kukizoea, lakini Kinzuani kilikuwa kinanipita juu ya kichwa. Katika maneno yake yote nikadaka moja tu.

"Pevo."

Akaonyesha filta. "Pevo!"

Pepo! Nikajiambia, mama mkwe ananipima dini. Anataka kuona kama binti yake anaolewa na mtu anayejua hata kusoma Ayatul Kursi.

Basi wakuu, nikajisogeza. Nikapiga magoti mbele ya filta, nikasoma kwa sauti ya kughani, nikaitemea na mate kidogo ya baraka. Ba Sitti akaitikia amina. Nyumba nzima ikaitikia amina.

Filta ikaitikia grrrrr.

Ma Sitti akarudia neno lile, safari hii kwa ukali. Nikaona huyu pepo ni sugu, nikaomba ubani. Wakaniletea, mgeni hakataliwi kitu. Nikafukiza mpaka samaki hawaonekani. Nyuma ya pazia nasikia Sitti, aliyekuja kwao kwa ajili ya posa, anakohoa. Kumbe hakohoi, anacheka hadi pumzi zinamwishia.

Mwisho Ma Sitti akachoka na mimi. Akanishika mkono, akakifungua kiganja, akakipulizia fuuu!

"Pevo!"

Ba Sitti, aliyekijua Kiswahili vizuri kwa sababu ya biashara zake za Unguja, ndipo akafungua kinywa: "Upepo, mwanangu. Anasema imeingia upepo."

"Sasa baba, mbona hukuniambia muda wote huo?"

"Nilidhani ndivyo mafundi wa Unguja mnavyoanza kazi."

Loh! Ardhi ipasuke nidumbukie.

Nikafanya kazi. Ikiwa bado inazunguka niliiinamisha huku na huku, na viputo vikaanza kutoka kwenye mpira wa kurudishia. Kelele ikapungua nusu. Nikaizima, nikafungua kichwa cha pampu, nikakuta mchanga umejaa kwenye kile kipangaboi kidogo chenye sumaku. Nikaosha. Mpira wa mfuniko nikaupaka vaselini kwa kukosa kingine. Nyinyi tumieni grisi ya silikoni, vaselini hulegeza mpira. Klipu za mipira nikazikaza barabara kwa mkono.

Nikaiwasha. Kimya. Ma Sitti akatabasamu, nami nikaenda kwa jamaa wa shangazi nilikofikia, natembea kama bwana harusi.

Kesho yake baada ya magharibi naalikwa chakula. Naingia: grrrrr.

Ma Sitti akanitazama mtazamo ule wa mtu aliyeuziwa ng'ombe kipofu. Nikachunguza, nikakuta klipu ya mpira wa kuvutia imelegea, inanyonya hewa. Walahi niliikaza mwenyewe! Nikaikaza tena, nikatoa upepo, ikanyamaza.

Wakaja wageni wa Ba Sitti, wafanyabiashara wenzake na mwalimu wa madrasa. Nilikuwa pembeni nanawa mikono. Nikamwona Ba Sitti kainama kama anayewatazama samaki, vidole vikapita chini haraka, penye klipu.

Grrrrr.

Hapo ndipo wazee wale wakasogeleana vichwa na kuanza kuzungumza. Nani kachukuliwa. Nani kapigwa. Wazungu wale wana nani mtaani wa kuwapelekea maneno. Dirisha liko barabarani, na kwa kelele ile mtu akisimama nje hapati hata herufi moja.

Nikaanza kupiga hesabu. Mama anataka filta inyamaze, na Unzuani nyumba ni ya mwanamke. Baba anataka ingurume, na bila baba hakuna wa kuniozesha. Nikisema ukweli, namuumbua mzee, na neno likitoka mlangoni, hao wote wamekwisha. Nikinyamaza, mimi fundi bandia, narudi Moroni bila Sitti.

Asubuhi Ma Sitti akaniita. Sitti akakaa katikati kutafsiri, macho chini.

"Mama anauliza, tatizo umeliona?"

"Mwambie mashine haina ubaya. Imezeeka tu. Jioni huwa inachoka."

"Mama anauliza, una uhakika hakuna mtu anayeigusa?"

"Sijaona mtu."

Ma Sitti akanikazia macho, halafu akacheka mpaka akajifuta kwa ncha ya shiromani aliyojitanda. Akasema maneno marefu, na nikaona Sitti anachelewa kuyatafsiri.

"Mama anasema, kabla hujaja, baba akilegeza usiku, yeye ndiye anakaza asubuhi. Fundi wa filta hakuwa anamtafuta. Alikuwa anatafuta mkwe anayejua kufunga mdomo, kwa sababu wa kwanza aliyekuja kuniposa hakujua, na kaka yetu alichukuliwa na wale wazungu."

Sitti mwenyewe alikuwa analia.

Tulioana.

Sasa kwa mwenzetu wa ule uzi: toa hewa kwanza, kaza klipu ya mpira wa kuvutia, osha kipangaboi. Ikirudia kunguruma kila jioni, usikimbilie kununua spea. Kaa kimya uangalie ni nani humo ndani anaihitaji hiyo kelele, na kwa nini.

Wageni wale wa Ba Sitti wote waliiona siku mamluki walipoondoka. Shemeji yangu, yule kaka yake Sitti, hakuiona.

Uwanja ni wenu wakuu. Aliyewahi kupimwa na mama mkwe atupe yake, ila majina kaeni nayo.