Shavu la Alhamisi

Kiwandani walimwita Bi Vidole, na jina hilo hakulichukia, maana lilimlisha. Kazi yake ilikuwa kugusa. Ukimwambia mtu hivyo anakutazama kama umemtukania mama, lakini ndiyo kazi yenyewe: kukaa kitako kwenye meza ndefu, mikono chini ya kitambaa cheusi, na kupapasa vioo mpaka jioni.

Vioo vyenyewe vilikuwa vya kontrola za gemu, zile wanazozing'ang'ania vijana huku wamekodolea televisheni macho kama inagawa urithi. Kila kontrola ilikuwa na kibao kidogo cha kioo pale linapokaa dole gumba, laini kama yai lililomenywa. Juu yake palipitishwa umeme kidogo mno, ndugu wa ule unaokusimamisha nywele ukivua sweta. Umeme huo huivuta ngozi ya kidole, huiachia, huivuta tena, upesi upesi, na kidole, kwa ujinga wake, huamini kimegusa mchanga, au gunia, au ukuta usiopigwa lipu. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza kidole kiwe kikavu, kwa sababu majimaji huharibu kila kitu. Pili, kitembee. Ukikisimamisha tu, mchanga umekwisha, umebaki na kioo chako.

Kitambaa cheusi kilikuwepo kwa sababu macho ni mashahidi wa kununuliwa. Mwonyeshe mtu picha ya gunia, atakuapia kagusa gunia hata kama kagusa sahani. Basi wagusaji walipapasa bila kuona, wakasema walichokigusa, ndipo wakafunua na kutazama kwenye skrini kama picha inakubali. Ikikubali, inapita. Isipokubali, inarudi chumba cha juu kwa mtunzi wake.

Meza ile ilikuwa na desturi yake pia. Kila mgusaji alikuwa na mashine ndogo yenye vitufe vya kuzungusha: nguvu, kasi, na nafasi kati ya mvuto na mvuto. Ukizungusha-zungusha, mara nyingine hutokea kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Hicho walikiita yatima. Yatima unamhifadhi kwenye mashine yako bila jina, unamtembelea wakati wa chai, na hakuna wa kukuuliza. Ila siku utakayompa jina, umemtoa. Anapanda juu, anakuwa wa kiwanda, na wakipenda wanamtia kwenye gemu. Mwenye kutoa yatima mzuri naye hupanda juu, akaacha kugusa, akaanza kutunga. Pale mezani kulikuwa na mmoja aliyefuga ulimi wa paka, na mwingine aliyefuga kitu alichoapa kuwa ni sakafu ya nyumba ya bibi yake. Bi Vidole alifuga mume.

Mume alikuwa fundi wa malori, marehemu sasa. Alinyoa ndevu Jumapili asubuhi, basi, mpaka Jumapili nyingine, na hakuna maneno ambayo yangembadilisha. Asubuhi, kabla hawajafungua macho, mke alimpitishia kidole shavuni na kusema, "Leo Jumanne." Au, "Leo Jumamosi, bwana wee, unaniparura." Hakukosea hata mara moja. Aliyoipenda ilikuwa Alhamisi, wakati ndevu zimeshatoka lakini hazijaingia jeuri. Zilikikwaza kidole kidogo, kisha zikakipisha.

Alimpata kwa bahati tu. Alikuwa akitafuta mkwaruzo wa mlango mkuukuu kwa ajili ya gemu fulani, akakizidisha kitufe cha nafasi, na kidole kikasimama chenyewe. Kioo. Akakitembeza tena. Alhamisi. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kidole kilekile, na mume akatoweka papo hapo. Ikabidi ajikaushe kwa taulo, apulize, angoje, ndipo ampate. Tangu siku hiyo hakumlilia mezani. Alijifunza kumpapasa kwa macho makavu.

Mtu pekee aliyemwambia ni wifi yake, dada wa marehemu, aliyekaa kiti cha jirani. Bi Vidole mwenyewe ndiye aliyemwingiza kazini, akamfundisha kuacha mafuta ya mikono, akamfichia makosa ya mwanzo.

"Weka kidole hapa, wifi. Usiulize kitu."

Wifi akaweka, akatembeza, na uso wake ukavunjika. "Huyu ni kaka."

"Ndiye."

"Shavu hilihili. Nilikuwa nalibembeleza hivihivi nikitaka pesa ya kusukia."

"Na ulikuwa unapata, ndiyo maana mimi nilikuwa nasukwa na jirani." Wakacheka. "Basi ni wetu wawili. Usije ukampa jina."

"Nimpe jina, nina wazimu?"

Kuanzia hapo wakawa wanamtembelea pamoja. Wifi alikuja na kikombe chake cha chai, akaweka kidole kwa zamu, akamsalimia, "Kaka, hujambo," kama mtu aliyepita barazani kwake. Bi Vidole alipenda kumsikia. Nyumbani hapakuwa tena na wa kumtaja mtu huyo isipokuwa kwa sauti ya msibani.

Kisha ikatangazwa kuwa chumba cha juu kina nafasi ya mtunzi mmoja. Wifi akaanza kuvaa viatu vya kisigino kazini. Bi Vidole akamtania, "Unapanda juu au unapanda jukwaani?" Wifi akacheka kwa nusu ya mdomo. Ile nusu nyingine Bi Vidole hakuichunguza. Mtu hampapasi wifi yake kutafuta kasoro.

Siku moja asubuhi msimamizi, mwanamume mpole mwenye kikohozi kisichoisha, akamwekea kontrola mpya chini ya kitambaa. "Hii ina haraka," akasema. "Gusa, useme."

Bi Vidole akagusa.

Alidhani kwanza amekosea, ameingiza mkono kwenye mashine yake mwenyewe. Akatembeza tena. Alikuwa yeye, lakini amekwaruzwa, ameongezwa ukali, kama Alhamisi iliyokesha ikigombana na mtu. Akakifunua kitambaa. Kwenye skrini kulikuwa na dubwana la pangoni, jicho moja limevimba, mate yananing'inia mpaka kidevuni. Chini yake pameandikwa: Mpapase shavu atulie.

"Huu mguso unaitwaje?" akauliza, na sauti yake akaisikia inatoka mbali.

"Shavu la Dubwana. Ni wa wifi yako. Jumatatu anapanda juu." Msimamizi akakohoa. "Hamjaambiana? Nilidhani nyinyi ni chanda na pete."

"Aliwaambia kautoa wapi?"

"Alisema ni kaka yake, marehemu, alikuwa hanyoi. Alituchekesha sana, anajua kusimulia yule. Wakubwa waliipenda hadithi kuliko hata mguso wenyewe."

Bi Vidole akageukia mashine yake, akatafuta mahali pa yatima wake. Hapakuwa na kitu. Wifi hakuchukua nakala. Alimbeba mzimamzima, kama anayehamisha kabati.

Alimkuta kwenye chumba cha kunawia, anajikausha kidole kimoja kimoja, kama alivyofundishwa.

"Wifi," yule akasema kabla hajaulizwa, "usinitazame hivyo. Nilitaka kukwambia."

"Lini? Gemu likishatoka?"

"Ningekwambia ungekataa."

"Ndiyo maana watu huambiwa."

Wifi akakunja taulo, akakunjua. "Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako. Tumelala kitanda kimoja utotoni. Na mimi nina haki naye."

"Haki ya kumlilia unayo. Haki ya kumtoa mate midomoni ulipewa na nani?"

"Hiyo picha si yangu, ni ya wachoraji. Mimi nimetoa umeme tu. Ni umeme, wifi, tusidanganyane."

"Ulipokuwa ukija na kikombe chako kumwambia hujambo, ulikuwa unausalimia umeme?"

Wifi akajitia kutafuta pete yake kwenye beseni, na pete ilikuwa kidoleni. Bi Vidole angeweza kuendelea, ulimi alikuwa nao na siku hiyo ulikuwa umenolewa. Lakini alitaka kitu kimoja tu.

"Jina likishapanda halishuki, najua. Sitakuomba hilo. Niambie vitufe vilikuwa vimesimama wapi. Nguvu, kasi, nafasi. Nimrudishe kwangu kama alivyokuwa, huyo mwingine kaeni naye."

"Sikuangalia."

"Hukuangalia."

"Waliniambia mguso ukwaruze zaidi, nikazungusha. Wakasema bado, nikazungusha tena. Nilikuwa na haraka, wifi, wote wamenisimamia."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayeeleza kwa nini wali umeungua. Upole huo ndio uliomuumiza Bi Vidole zaidi. Angekuwa ameuzwa na adui, angalau adui huhesabu anachouza.

Alirudi mezani, akakaa kwenye mashine yake na kuanza kumtafuta. Akapunguza nguvu, akamsogeza, akampoteza, akampata karibu. Ijumaa. Akarudisha nyuma kidogo. Jumatano, lakini Jumatano ya mtu mwingine. Akakausha kidole, akapuliza. Mara ikaja moja iliyofanana kabisa, akafumba macho afurahi, na nyuma ya kope zake likamjia lile jicho lililovimba, na mate. Akajaribu kumkumbuka mume moja kwa moja, bila mashine, kitandani, mto ulioliwa na jua la dirishani, harufu ya grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Vyote vilikuja. Kidole kilipofika shavuni, likawa dubwana.

Msimamizi akasimama mgongoni kwake. "Wananiuliza huko juu. Inapita au inarudi?"

Akijibu inarudi, itarudi kwa mtunzi wake, na mtunzi wake ni wifi. Atazungusha, wakubwa wamesimama, aseme kitu cha kuwachekesha. Kesho itashuka tena, na tena, na kila ikishuka shavu lile litakuwa limepita mkononi mwa mtu asiyeangalia.

Bi Vidole akakigusa kile kioo kwa mara ya mwisho, bila kitambaa, macho kwenye skrini.

"Inapita," akasema. "Mguso na picha vinakubaliana. Ni shavu la dubwana."

"Una uhakika? Naona kama hujafurahi."

"Sikuajiriwa kufurahi, bosi. Nimeajiriwa kugusa."

Wakati wa chai wifi alikuja na vikombe viwili, kimoja amekitia sukari anavyopenda Bi Vidole. Akakiweka mezani taratibu, karibu na mashine. "Wifi, umeipitisha. Wameniambia. Ahsante, wifi."

Bi Vidole akakisogeza kikombe mpaka ukingo wa upande wa pili.

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje sasa?"

"Niite mgusaji, kama wanavyoniita huko juu. Uwifi nilipewa na kaka yako, na kaka yako umeshampa jina."

Yule akasimama kidogo, akitazama vile vikombe vyake viwili, kisha akaondoka navyo, visigino vikigonga sakafu mpaka kwenye ngazi. Bi Vidole akajifuta vidole kwa taulo, ingawa vilikuwa vikavu, akaingiza mikono chini ya kitambaa cheusi kuendelea na kazi iliyofuata. Ilikuwa ukuta wa matofali. Akasema ni ukuta, akafunua, ukawa ukuta kweli, akaupitisha.