Majira ya Baridi Baba Alipofundishwa Kuogopa

Harufu ya majira yale ni soksi mbichi zikikauka juu ya hita, pamoja na sombe la majani ya muhogo lililoungulia chini ya sufuria kwa sababu mama alikuwa kwenye simu na wakili. Tulikaa mji wa Hopkins, ughaibuni, ghorofa ya tatu, watu watano vyumba viwili, na dirisha la sebuleni tulikuwa tumelibandika plastiki ili baridi isipite. Ilipita tu. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimechoka kama bibi kizee. Kila Jumamosi wakili wetu, mama mmoja wa Kizungu aliyetusaidia bila malipo, alikuja na mkalimani, dada wa Kitanzania aliyekuwa akisoma chuo kikuu. Wakakaa mezani na baba yangu kumfundisha jambo moja: kusema anaogopa.

Alihitaji kufundishwa kwa sababu alikwisha kuharibu. Vuli ile tulikuwa tumekwenda sote kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi, tumevaa nguo za kanisani, dada huyohuyo akitutafsiria. Kwetu Uvira baba alikuwa shemasi. Watu wenye bunduki walitaka kuficha silaha kanisani, akawakatalia. Wakampiga, wakaahidi kurudi kummaliza. Hayo aliyaeleza vizuri. Lakini afisa alipomwuliza kama anaogopa kurudi Kongo, baba alijinyoosha kitini, akajibu kama shemasi wa kwetu anavyojibu mbele za watu, yaani kama anatoa ushuhuda. "Mimi nimwogope mutu? Mutu ni mavumbi. Ninamwogopa Mungu peke yake." Mimi nilivimba kichwa, nusura nipige makofi. Mama alifumba macho. Dada mkalimani alitafsiri neno kwa neno, maana ndiyo kazi aliyoapa kuifanya, na afisa akaandika.

Kumbe hifadhi hupewa mwenye hofu! Ombi halikukubaliwa, kesi ikapelekwa kwa jaji, na wakili hakutuficha: jaji naye akikataa, tutarudishwa. Siku hiyo mama aliwaka. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," alimwambia baba, akimwita kwa jina langu kama kawaida. "Wewe unataka kilio, Baba Neema?" Baba alijibu kwamba mtu wa imani hawezi kusimama mbele ya serikali akaapa kwamba anaogopa binadamu, ni sawa na kumkana Mungu. Mama akasema haya, basi Mungu huyohuyo ndiye atakayetupokea kule mpakani. Hawakusemezana mpaka ibada ya Jumapili, tena hata kanisani walisalimiana kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Basi Jumamosi zikawa hizo. Wakili anauliza, baba anazunguka. Hali si nzuri sana. Nina wasiwasi kidogo. Tunamshukuru Mungu, tuko salama. Wakili anafikicha macho, chai inapoa, dada mkalimani anasema kwa upole, "Baba, jaribu tena." Nje theluji inaanguka bila kuchoka, na mimi niko chumbani na wadogo zangu, ambao kila nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, sikio langu liko mlangoni. Kila baba alipokwepa swali, mimi nilifurahi. Nilikuwa upande wake kabisa. Tulipokimbia kutoka Uvira alinibeba mgongoni, akaniambia hakuna mtu wa kutugusa, na tangu siku hiyo nililala usingizi wangu mzima, kwa sababu nilikuwa na baba asiyemwogopa mtu. Huyo wakili alitaka kuniharibia baba, nami nilimchukia kwa moyo wote, biskuti zake nikala.

Jumamosi moja, wageni walipokwisha kuondoka, mama hakufoka. Aliketi mbele yake, mikono imelegea, akasema, "Mficha uchi hazai, Baba Neema. Nimechoka. Watoto hawa nitawapeleka wapi?" Baba alichukua kitambaa akafuta meza, ingawa ilikuwa safi.

Tulifika mbele ya jaji theluji ikiwa imekwisha kuchafuka kando ya barabara. Chumba chenyewe hakikuzidi darasa letu kwa ukubwa, tena kilikuwa na joto la kukera. Wakili aliuliza swali lake lilelile. Baba aligeuka akanitazama mimi, si jaji, kisha akainamisha kichwa. "Ninaogopa," alisema. Wakili akamwuliza, anaogopa nini? "Waliponipiga nilijikojolea. Mke wangu aliona. Nilitaka kuwapa ufunguo wa kanisa, ila sauti haikutoka. Mpaka leo gari likisimama nje, hata huko Hopkins, ninakwenda kukagua kama mlango umefungwa." Dada mkalimani, ambaye hakuwahi kukwama, safari hii alitafuta neno mara mbili ndipo akatafsiri.

Jaji alitukubalia siku hiyohiyo. Mama alilia, wakili akamkumbatia, wadogo zangu wakaruka wakiuliza kama tutakula piza. Mimi nilimshika baba mkono kwa sababu niliambiwa nimshike. Njiani hakuna aliyeimba, na wiki ile nilianza kulala taa ikiwaka.

Sasa naishi Eagan, mji usio mbali na Hopkins, nina pasipoti ya hapa na mtoto wangu mwenyewe. Baba huja Jumapili baada ya ibada, mgongo umepinda kwa miaka ya kubeba maboksi ghalani. Juzi mwanangu, anayesikia Kiswahili chote ila hajibu hata kidogo, alimwuliza kwa Kiingereza kama ni kweli aliwakatalia watu wenye bunduki, na kama aliogopa. Zamani baba angejinyoosha kitini. Aliendelea kumenya chungwa. "Sana, mjukuu wangu," alisema, "niliogopa sana." Mtoto akapokea kipande cha chungwa, akaenda zake kucheza. Nami, mtu mzima niliyepewa nchi kwa jibu hilohilo, nilisimama jikoni nikitamani angesema hapana.