Kupe Aliyeingia na Wimbo

Nakumbuka siku moja kwenye kituo cha kupimia majani ya chai karibu na Sosiot, mvua ndiyo imekatika, mimi nikiwa wa nne kwa foleni ya mizani. Nyuma yangu alisimama mama mkwe wangu, bibi tunayemwita Kogo, na kikapu chake mgongoni. Akaja Weldon, yule fundi wa kompyuta wa sokoni. Namtaja jina, mwanangu, maana yeye mambo yangu hakuyaficha. Akaniangalia kifuani, akacheka.

"Mama Chela, pole na hilo titi la kushoto. Watakata lini?"

Majani yalinimwagikia miguuni. Habari hiyo nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu duniani, dada yangu Rael aliyeolewa Kitale, na si kwa mdomo. Niliandika kwa kompyuta ya nyumbani, mlango nimefunga. Hata mume wangu hakujua. Hata Kogo, ambaye sasa alikuwa ananitazama tu.

Nilifikiri Rael amenisaliti. Nikampigia simu, nikamtukana matusi ambayo mpaka leo naona haya. Alilia, "Haki ya Mungu, dada, sijafungua mdomo."

Binti yangu Chela, aliyekuwa anasoma chuo kikuu Kabianga, ndiye alikuja Jumamosi akaichunguza ile mashine. "Mama, nani alikuambia uweke hii?"

Weldon, nani mwingine! Alinitumia ukurasa wa nyimbo za injili za Kikipsigis, za bure. Nilipoufungua, kidirisha kikatokea kwa Kiingereza. Mimi niliachia darasa la tano. Nikabonyeza Yes. Kikatokea kingine, Yes tena. Si unajua kwetu mgeni akibisha haulizwi shida yake mlangoni, anakaribishwa kwanza, anapewa mursik, maziwa yetu ya mgando, ndio aseme. Programu ya kuzuia virusi ilipopiga kelele niliizima, kwa sababu Weldon alisema inasumbua nyimbo. Na nyimbo zilikuja kweli. Nikawa naimba, kumbe kuna kitu ndani kinanakili kila herufi ninayoandika na kumpelekea yeye. Barua zangu alikuwa anasoma kama gazeti!

Kogo alikuwa amekaa pale pale akisikiliza, nami nilingoja anigombeze kwa kuficha ugonjwa. Akamaliza chai yake kwanza.

"Yule mtamba uliyemnunua sokoni, ulimfunga wapi?"

"Nje ya boma, Kogo."

"Kwa nini?"

"Nimpulizie dawa. Anaweza kuwa na kupe wa ng'ombe wa watu."

"Na hii?" Akainyooshea kompyuta kidole. "Hii uliiletea vitu vya sokoni mpaka chumba cha kulala. Mjinga wewe." Halafu akaanza kuvaa viatu. "Simama. Twende hospitali ya Longisa. Nitakaa na wewe huko."

Alikaa. Titi lilienda, mimi nikabaki. Weldon bado yuko sokoni, bado anatengenezea watu kompyuta, na akiniona ananisalimia. Simwitikii.

Basi sikia, mwanangu. Kitu cha bure kutoka mtandaoni kifunge nje kwanza kama huyo mtamba, kipimwe ndio kiingie. Ile programu ya kuzuia virusi usiizime kwa ajili ya wimbo, hata uwe wimbo wa kanisa, na kompyuta ikiomba ijisasishe iruhusu, hata kama una haraka. Kidirisha kikikuuliza jambo usiloelewa, jibu ni hapana mpaka mtu unayemwamini akusomee. Kwa mashine, hapana si kukosa adabu. Hilo lilinichukua muda kulikubali. Ukisikia siri yako mdomoni mwa mtu, chunguza kompyuta kabla hujamtukana ndugu yako. Na ukiwa na uvimbe mwilini, mwambie mtu wa nyumbani kwako wewe mwenyewe, asije mwingine akakusemea kwa foleni.

Mungu akulindie mlango, mwanangu, ule wa mbao na ule wa kioo. Na siku mambo yakikumwagikia, akupe mtu wa kuvaa viatu aende na wewe.