Utaridi ya Nyanya

Jana binti yangu alikoroga unga wa ngano kwa maji moto apate gundi ya sayari zake za shule, na ile harufu ikanirudisha Kabiria, mezani kwa nyanya.

Nilikuwa na kazi ya shule, kutengeneza sayari kwa magazeti. Utaridi, kipira kidogo kuliko vyote, nikaitundika mwisho kabisa wa kamba. Nyanya, mwanamke wa Lamu aliyefundisha madrasa miaka mingi, akaifungua, akaisogeza hadi ubavuni mwa jua.

"Utaridi haikai mbali, mwanangu. Ni jirani wa jua."

"Lakini kitabu imesema iko mwisho!"

"Kitabu kimesema," akanisahihisha, gundi imemganda vidoleni. "Mimi nilionyeshwa na babangu."

Kesho yake mwalimu aliuliza nani ameharibu mpangilio. Darasa zima likanigeukia. Nikasema, "Ni nyanya yangu. Hajasoma." Wakacheka, nami nikacheka nao.

Jioni nyanya aliniuliza mwalimu amesemaje. Nikamwambia amesema ni sawa. Alifurahi hata akanikaangia kaimati.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kwa Kiarabu Utaridi ndiyo sayari ya kwanza kutoka kwenye jua. Kitabu chetu kilikuwa kimeipa Pluto jina hilo, na siku hizi hata Pluto yenyewe haihesabiwi.

Jana, kwenye kipira kilicho karibu na jua, binti yangu alikuwa ameandika Zebaki, jina lake la shuleni. Nikachukua kalamu, nikaongeza chini yake: Utaridi.

"Mum, nani alikufunza hiyo?"

"Mwalimu wangu," nikasema.